Shangazi, mwenye vizimba anataka kunilipia kampeni

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nauza vitenge sokoni katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Diwani wetu alifariki mwanzoni mwa mwaka, na sasa uchaguzi mdogo unakaribia. Kikundi chetu cha VICOBA, ambako nimekuwa mweka hazina kwa miaka saba, kimenisukuma nitie nia. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu walikuja nyumbani saa mbili usiku wakiwa kumi na mmoja, wakakaa mpaka chai ikaisha kwenye birika. Nikasema haya, nitachukua fomu.

Kilichonileta kwako ni fedha ambayo bado sijaipokea.

Pale sokoni kuna mzee mmoja mfanyabiashara, sote tunamwita Bosi. Ana malori ya mchanga, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ana vizimba 22 alivyokodi halmashauri zamani, sasa anatupangisha sisi. Si mtu mbaya, Shangazi, lazima niseme kweli. Kisima cha mtaa wa juu alichimba yeye. Zahanati ilipokosa magodoro alinunua yeye. Ukipatwa na msiba, turubai na viti vinatoka kwake na hakudai hata mia. Wiki mbili zilizopita aliniita dukani, akaagiza soda, akaniambia amefurahi kusikia mtoto wa sokoni amejitokeza. Akasema atanipa milioni 4 za kuanzia, bodaboda mbili na mafuta yake, na fulana. Nikamuuliza, Mzee, na wewe unataka nini? Akacheka. "Nikutake nini, mwanangu? Ukipita, kata imepata mtu. Inatosha."

Mimi nina laki sita, akiba yangu ya kikundi. Wajumbe wa kura za maoni ni 140. Wanaoyajua mambo hayo wameniambia kila mjumbe anategemea angalau elfu 10 "ya nauli", hata yule anayekaa hatua hamsini kutoka ofisi ya chama. Hapo tu ni milioni 1 na laki 4. Mwenzangu mmoja mtia nia ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba usiku, na hapiti mikono mitupu. Bado mawakala wa vituo, bado spika za matangazo, bado maji ya kunywa kwenye vikao.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU. Anacho kijitabu cha Azimio la Arusha, kimechakaa mpaka amekifunga kwa uzi. Nilipomweleza habari ya Bosi hakubishana. Alikitoa kabatini, akakiweka mezani mbele yangu, akaenda kulala. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alipokiona asubuhi akasema, "Mwambie mzee wajumbe hawali kijitabu." Anasema nisipoichukua mimi, Bosi atampa huyo mwingine, na huyo ndiye atakayekuwa diwani, sisi tutabaki na usafi wetu ndani ya nyumba. Mkono mtupu haulambwi.

Nikiwa na baba naona baba yuko sahihi. Nikiwa na mume wangu naona naye hajakosea. Usingizi sina.

Nilisahau kusema: ninapouzia vitenge ni kizimba cha Bosi. Namlipa elfu 80 kwa mwezi. Yeye anailipa halmashauri elfu 20 kwa kila kizimba. Siku moja mtu wa mapato alipitisha orodha sokoni tukaiona kwa macho yetu. Mkataba wake unaisha Juni mwakani. Na mageti ya yadi yake anayachomelea mume wangu.

Nifanyeje?

Mtia Nia, Kanda ya Ziwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Hicho ulichosema umekisahau ndicho barua yenyewe. Kisima, magodoro, turubai, hayo yote ni utangulizi. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu pembeni ya barua yako: kila kizimba kinamwachia elfu 60 kwa mwezi. Zidisha kwa 22, ni milioni 1, laki 3 na elfu 20 kila mwezi unaopita, bila yeye kufagia hata ukumbi wa soko. Hizo milioni 4 anazokupa ni faida yake ya miezi mitatu. Na sehemu ya fedha hiyo imetoka kwenye sanduku lako wewe na wenzako. Kwa hiyo anapokwambia hataki kitu, inawezekana kabisa anasema kweli. Anachotaka anacho tayari. Anachokuombea ni usije ukakigusa.

Nisikilize nikwambie kilichonipata mimi, maana sipendi kutoa ushauri kama niliyezaliwa nimevaa kanzu nyeupe.

Niligombea udiwani mwaka 2005, uchaguzi ule uliosogezwa mpaka Desemba. Wakati huo takrima ilikuwa halali. Sheria ya uchaguzi ilikuwa imerekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu mgombea kuwakirimu watu "kwa nia njema", eti ni ukarimu wetu wa asili. Mfanyabiashara mmoja wa mbao akanipa magunia matatu ya mchele, mbuzi, na kundi la matarumbeta lililozunguka kata siku mbili. Nilimuuliza swali lilelile ulilouliza wewe. Akacheka kicheko hicho hicho. Nikapita kwa kura nyingi.

Miezi 14 hakuniomba kitu. Nikasema loo, kumbe watu wema wapo. Kisha ikaja kwenye baraza ajenda ya kubadilisha matumizi ya eneo la wazi lililopakana na shule ya msingi, liwe la biashara. Mwombaji ni yeye. Hakunipigia simu, hakunitumia mtu. Asubuhi ya kikao nilimkuta kwenye korido, akanishika mkono, akasema, "Mama, watoto hawajambo?" Basi. Hilo tu. Nikaingia ukumbini nimebeba mchele wote ule kichwani. Mwenyekiti alipoita wanaopinga wanyooshe mikono, mimi nilikuwa chooni, nimefunga mlango kwa komeo, nimeacha bomba likimwaga maji ili anayepita ajue kuna mtu. Hoja ikapita. Watoto wa shule ile leo wanacheza mpira barabarani.

Mahakama Kuu iliifuta takrima Aprili 2006, baada ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao kufungua kesi, ikasema vifungu vile vinambagua mgombea maskini mbele ya tajiri. Mimi nilikuwa nimeshaapishwa, pilau limeshaliwa zamani.

Kwa hiyo usidhani nakucheka unapokosa usingizi. Ila nataka nikutenganishe na baba na nikutenganishe na mume, maana wote wawili wamekupa nusu.

Tuanze na mzee. Kijitabu chake nakiheshimu, nami nimekisoma. Azimio la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha. Na halikuwataja mawaziri na wabunge peke yao, lilimtaja hata diwani. Watu wengi wanasahau kilichofuata: lilisema kiongozi maana yake ni mtu huyo na mwenzi wake. Mwambie hilo fundi wako wa mageti. Waliokiandika hawakuwa wakisema viongozi wote ni wezi. Walikuwa wanajenga ua kabla mbuzi hajafika shambani, kwa kuwa ukishamwona mbuzi anatafuna huna tena wakati wa kukata miti.

Lakini mzee wako naye anajua yaliyofuata, hata kama usiku ule hakukwambia. Mishahara ikafika mahali hailishi nyumba wiki mbili. Viongozi wakafuga kuku, wakafungua miradi kwa majina ya ndugu, kila mtu akijua na kila mtu akikaa kimya. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar ikayalegeza masharti: hisa ruksa, nyumba ruksa, mshahara wa pili ruksa. Kuna wanaolisimulia jambo hilo kama usaliti mtupu. Mimi sisemi hivyo. Sharti ambalo kila mtu analivunja gizani limeshakuwa kiini macho, na kuliondoa ni afadhali kuliko kuliimba. Ninachowalaumu ni kwamba waliung'oa ua wa zamani wakakaa bila mwingine. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake, ilikuja 1995. Katikati hapo mbuzi walishiba.

Nalisema hili kwa sababu kijitabu mezani hakikusaidii. Baba amekukabidhi msimamo, hakukwambia utautumiaje siku ya kura za maoni.

Sasa mume. Wapo wazee wa siasa watakaomuunga mkono kwa kumtajia Tabora. Januari 1958, kwenye mkutano wake wa Tabora, TANU ilikuwa na uamuzi mgumu: iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu au isuse. Ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au cheo fulani. Na kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Yaani mwenye mali ana sauti, mkulima hana. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akaona huko ni kuuza msimamo, akajitoa akaanzisha chama chake. TANU ikaingia, wagombea iliowaunga mkono wakashinda, na uchaguzi wa Agosti 1960 ulipofika kura tatu haikuwepo tena.

Mumeo akisikia hadithi hiyo atasema, umeona? Waliingia kwenye tope wakatoka washindi. Kweli waliingia. Lakini mwulize: nani aliwalipia viatu? TANU ilikubali masharti mabovu ya kuingia, haikumwahidi Gavana kwamba ikifika ndani itayatunza. Iliingia ikisema hadharani inakwenda kuyafuta. Wewe unaombwa kinyume chake, uingie kwa masharti mazuri, mafuta tele, fulana mpya, halafu ukifika ndani ukae kimya kuhusu vizimba. Hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Wala sikwambii kila mwenye mali akae mbali na siasa. John Rupia alikuwa na mali Dar es Salaam wakati TANU haina hata nauli, na mkono wake uliisaidia sana. Alikuwa ndani ya chama, kwa jina lake, watu wakijua. Hakuna aliyehitaji kunong'onezana dukani juu ya soda.

Basi fanya hivi. Kabla hujajibu ndiyo wala hapana, rudi kwa Bosi. Usiende peke yako, nenda na mwenyekiti wa kikundi chenu. Mwamkie vizuri, mshukuru kwa kisima, maana kisima ni kisima na watu wanakunywa. Kisha mwambie, kwa sauti yako ya kawaida: "Mzee, nikipita, wanawake wa soko wanataka vizimba vikodishwe moja kwa moja na halmashauri. Mimi nitasema hivyo kwenye kila kikao cha kampeni. Nimeona uungwana nikwambie wewe kwanza." Halafu nyamaza. Usijaze kimya chake kwa maneno. Uangalie uso.

Akiziondoa milioni 4, umejua zilikuwa za nini. Akibaki anacheka na kusema endelea tu mwanangu, bado usizichukue wewe. Mwambie anayetaka kusaidia apeleke chamani, kwa maandishi, apewe stakabadhi. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea akieleze chama chake fedha alizonazo na anazotazamia kupata, kwa hiyo hapo unafuata sheria tu, humtukani mtu. Uone kama mkono wake utakuwa mwepesi vilevile pale jina lake litakapoandikwa. Mimi nahisi utakuwa mzito, lakini nimewahi kukosea kuhusu watu.

Kuhusu elfu 10 za wajumbe sina maneno matamu. Hiyo ni rushwa iliyovalishwa jina la nauli, na sheria niliyoitaja inagusa hata mchakato wa ndani ya chama. Usitoe. Ndiyo, unaweza kushindwa kwa sababu hiyo, na huyo anayepita usiku anaweza kuwa diwani wako. Sitakudanganya kwamba wema hulipwa siku ya kura. Ila una kitu ambacho yeye hana: wanawake waliokaa kwako mpaka birika likaisha. Kwa hao wajumbe 140, wanawake wangapi wa kikundi ni mama zao, wake zao, wapangaji wenzao wa soko? Kaeni muandike majina kwenye daftari la kikundi, mmoja mmoja, na pembeni ya kila jina aandikwe anayekwenda kuzungumza naye. Laki sita zitatosha kwa miguu na chai. Mawakala watoke kwenye kaya za wanakikundi, tena wale wanaojua kuhesabu bila kusinzia.

Mumeo aendelee na mageti yake, ni kazi ya jasho. Lakini kila kazi ya Bosi iwe na bei iliyoandikwa na alipwe kama anavyomlipa fundi mwingine. Ikizidi senti kumi, arudishe. Ukipita na mgogoro wa yadi hiyo ukafika mezani, wewe toka nje. Safari hii bila kujifungia chooni.

Sasa kuna jambo ambalo naona baba, mume na wewe mwenyewe hamjaliona. Hata usipopokea shilingi ya Bosi, mikono yako kwenye suala la vizimba si huru. Wewe ni mpangaji. Halmashauri ikivichukua, kodi yako inaweza kushuka kutoka elfu 80 hadi 20. Hayo ni maslahi, mwanangu, na diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa anatakiwa ayatangaze na asilipigie kura. Bosi analijua hilo, na kama halijui wapambe wake watamwambia. Siku utakayosimama barazani kwa hasira zote kutetea soko, mtu mmoja atanyoosha mkono aulize, "Mheshimiwa anafanyia biashara wapi?"

Ndiyo maana usiifanye hoja hii ikusubiri wewe uwe diwani. Ianze sasa. Wapangaji 22 waandike barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata, waeleze wanalipa kiasi gani na kwa nani, na waombe washirikishwe kabla ya Juni. Wewe utie sahihi kama mpangaji, chini kabisa, wa 22. Ukishinda, hoja utaikuta mezani ina miguu yake na madiwani wengine wataibeba. Ukishindwa, haifi na wewe. Na ukifukuzwa kizimbani, maana hilo nalo lipo, wataona wote ni kwa nini. Tafuta kabla mahali pa kuweka vitenge vyako kwa miezi miwili mitatu, hata barazani kwa mwanakikundi.

Mtaulizwa ushahidi, na najua Bosi hatoi risiti. Lakini kodi hiyo bila shaka wengi wenu mnamtumia kwa simu kila mwisho wa mwezi. Pita leo kizimba kwa kizimba, uwaambie meseji za malipo wasizifute.